Kutazama setilaiti kwa darubini ukiwa uwani, Unguja na Pemba: mwongozo kamili

Miongozo mingi ya kutazama setilaiti imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa ajili ya anga lao. Ukiifuata neno kwa neno ukiwa Makunduchi au Wete, utapoteza usiku wako. Kwao, majira ya joto, setilaiti huonekana usiku kucha. Kwetu huzimika mapema. Kwao setilaiti za televisheni zimelala chini upande wa kusini. Kwetu zimetanda karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa. Darubini ya anga ya Hubble haichomozi London hata siku moja, na hapa hupita juu ya vichwa vyetu. Visiwa hivi viko baina ya nyuzi 5 na 6 na nusu kusini ya ikweta, na karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na jambo hilo moja.

Wakati wa kutoka nje

Setilaiti tunaiona kwa sababu jua bado linaipiga huko juu huku sisi tumeshaingia gizani. Kwa chombo kilicho kilomita 420 juu, kivuli cha dunia hufika utosini jua likishashuka kama nyuzi 20 chini ya upeo wa macho. Kwetu jua huzama karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo muda huo ni kama saa moja na dakika 20 tu baada ya magharibi. Baada ya hapo setilaiti za chini huonekana upande wa magharibi pekee, nazo hukatika ghafla zikiwa safarini kuelekea mashariki, kama vile mtu kazima taa.

Kwa lugha ya hapa nyumbani: wakati wako ni baina ya magharibi na isha, na kipande kidogo baada ya isha. Asubuhi mambo hugeuka. Utosi huanza kupata setilaiti zenye mwanga dakika chache kabla ya adhana ya alfajiri, na upande wa mashariki hutangulia. Mtu anayeamka mapema kwa swala ana nafasi nzuri kuliko anayekesha, maana alfajiri hewa imetulia, vumbi limeshuka na taa nyingi za mtaani zimezimwa.

Kuhusu misimu, Januari na Februari, kaskazi ikivuma, anga huwa safi mara nyingi ingawa jasho halikauki. Juni hadi Septemba ni kukavu na kuna ubaridi mzuri, ila kusi hutikisa darubini, kwa hiyo jikinge nyuma ya ukuta. Masika usijisumbue, tengeneza vifaa vyako ukisubiri.

Vifaa

Ninayoipendekeza ni darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 150 au 200 kwenye kitako cha Dobson. Kitako hiki ni sanduku la mbao linalozunguka chini, na bomba la darubini hupanda na kushuka kwa kusukumwa kwa mkono. Hakihitaji umeme, na fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza kikivunjika. Mota za darubini za bei kubwa hazikusaidii sana katika kazi hii, kwa sababu nyingi zimeundwa kufuata nyota zinazokwenda taratibu, si kitu kinachokata anga kwa nyuzi nzima kila sekunde.

Kama unayo ndogo ya lenzi, ya milimita 70 au 80, itoe nje hivyo hivyo. Itakuonyesha umbo la Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Haitakuonyesha setilaiti za televisheni. Kwa hizo milimita 150 ni mwanzo na 200 ndiyo raha.

Lenzi ya jicho ya kuanzia iwe ya milimita 25. Kwenye darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1200 hukuza mara 48 na kukupa uwanja wa kuona wa kama nyuzi moja, yaani mara mbili ya upana wa mwezi. Kuwa na nyingine ya milimita 10 au 12 kwa baadaye. Utahitaji pia kilengeo kilichofungwa juu ya bomba, kile cha nukta nyekundu au darubini ndogo. Bila hicho hutashika kitu. Darubini ya macho mawili ya 10x50 ni msaada mkubwa. Tochi ifunge kwa karatasi nyekundu ya nailoni ili macho yasipoteze mazoea ya giza.

Hatua ya 1: kiwanja na majirani

Kwa Kituo cha Kimataifa huna haja ya giza. Kinang'aa kuliko nyota zote, na utakiona hata Michenzani chini ya taa za barabarani. Kwa vitu hafifu ndipo mahali huwa na umuhimu: Makunduchi, Kizimkazi, Michamvi, na Pemba upande wa Micheweni au Makangale, ambako mbele yako ni bahari na hakuna mji. Chagua uwanja wenye upeo mpana upande wa magharibi kwa jioni na mashariki kwa alfajiri. Minazi inaudhi, ila uwanja wenye minazi ni bora kuliko paa la bati, ambalo hutoa joto la mchana kwa saa kadhaa na kufanya taswira itetemeke.

Halafu kuna majirani. Nyumba zetu zina nyua, na watu hukaa humo bila ya kujifunika sana. Darubini juu ya sakafu ya ghorofa ni jambo zito mtaani. Waambie mapema unafanya nini, waalike watazame, na weka kanuni ambayo kila mtu nyumbani kwako anaijua: bomba halishuki chini ya usawa wa kuta. Ukiyafanya haya, watoto wa mtaa mzima watakuwa wako.

Usitumie tochi ya leza ya kijani kuonyesha setilaiti. Ndege zinazoshuka uwanja wa ndege wa Kisauni hupita chini, na mwanga huo humpofusha rubani.

Hatua ya 2: kuchagua mpito

Mpito ni safari moja ya setilaiti kukata anga lako. Kujua saa na njia yake, tovuti ya Heavens-Above na programu ya Stellarium zote zinatosha. Ingiza mahali ulipo kwa usahihi. Kuchagua Dar es Salaam badala ya Chake Chake kunabadilisha njia ya setilaiti angani kiasi cha kuikosa kabisa kwenye lenzi. Data za mizingo, yaani njia za setilaiti kuizunguka dunia, zisiwe za zaidi ya siku mbili tatu, kwa sababu hewa nyembamba ya huko juu huvuta vyombo hivi na kubadilisha saa zao.

Angalia saa vizuri. Kama programu inaandika saa za dunia za UTC, ongeza 3 upate saa za Afrika Mashariki. Ikiwa tayari inaandika saa za Afrika Mashariki, 18:52 kwetu ni saa 12 na dakika 52 jioni. Simu yako iwe inachukua saa kutoka kwenye mtandao. Kukosea dakika moja ni kukosea robo ya anga.

Chagua mpito ambao kilele chake ni baina ya nyuzi 40 na 65 juu ya upeo. Mpito wa utosini kabisa unavutia kwa macho matupu, lakini kitako cha Dobson kikishaelekea juu wima hakigeuki vizuri: itakubidi ukizungushe nusu duara kwa sekunde chache, na hapo ndipo wengi hupoteza chombo. Mpito wa chini ya nyuzi 25 nao ni wa mbali na hewa ya bahari huufifisha.

Hatua ya 3: kutayarisha darubini

Toa darubini nje saa moja kabla, ikiwa kivulini na imefunikwa, ili kioo kipoe. Jua likiwa bado lipo, hata kiduchu juu ya maji, usifungue kifuniko wala kuelekeza bomba magharibi. Mwanga wa jua ndani ya lenzi unaunguza jicho papo hapo na haliponi. Alfajiri kanuni ni hiyo hiyo: funga kabla jua halijachomoza.

Jua likishazama, tafuta Mshtarii, mwezi au nyota yoyote kali. Weka katikati ya lenzi, kisha rekebisha kilengeo hadi nukta yake ikae juu ya nyota ile ile. Usiridhike na "karibu karibu". Angalia tena, sogeza kwenye nyota nyingine, hakikisha. Kisha weka fokasi mpaka nyota iwe nukta kali kabisa na ubandike utepe ili isisogee. Setilaiti zote ziko mbali kiasi kwamba fokasi ya nyota ndiyo fokasi yake, na ikishafika hutakuwa na sekunde ya kuzungusha kitu.

Hatua ya 4: zoezi kwa ndege

Kwa jioni mbili tatu, kabla ya setilaiti yoyote, fuata ndege zinazoingia na kutoka Unguja usiku. Lengo ni kuishika taa ya ndege katikati ya lenzi kwa nusu dakika bila kuipoteza. Mikono yako itajifunza ni wapi kitako kinakwama. Penye kukwama paka nta kidogo. Jifunze pia kwamba kwenye darubini ya kioo taswira iko juu chini, kwa hiyo kitu kikikimbilia kulia ndani ya lenzi, unasukuma bomba upande ambao akili inakataa. Hakuna njia ya mkato hapa. Mikono hujifunza, na ikishajifunza haisahau.

Hatua ya 5: kutega na kufukuza

Njia ya kwanza ni kutega, kama dema linavyongoja samaki mahali anapopita. Tazama ramani ya mpito, tafuta nyota kali iliyo karibu sana na njia, elekeza darubini pale dakika moja kabla, na ungoje jicho likiwa kwenye lenzi. Chombo kitapita ndani ya uwanja kwa sekunde moja au mbili. Ni muda mfupi, ila ni wa hakika, na kwa setilaiti hafifu ndiyo njia bora.

Njia ya pili ni kufukuza. Ngoja Kituo kiinuke hadi kama nyuzi 25, kinapokuwa bado kinakwenda taratibu. Fungua macho yote mawili, weka nukta ya kilengeo juu yake, anza kusukuma kwa mwendo wake, na ukiwa bado unasukuma hamisha jicho kwenye lenzi. Ukikipoteza, rudi kwenye kilengeo mara moja. Usikitafute ndani ya lenzi. Kwenye nyuzi 45 kinakwenda kama nyuzi 0.75 kwa sekunde, na kikipita utosini hufika nyuzi moja. Mpito mzima ni dakika tano au sita, unatosha kukishika na kukipoteza mara kadhaa.

Utaona nini? Kituo cha Kimataifa kina upana wa mita 109, na kikiwa juu yako huonekana na ukubwa karibu sawa na Mshtarii kwenye darubini hiyo hiyo. Mwili wake ni mweupe wa kuumiza macho, na paneli za jua ni za dhahabu iliyokolea, zimetanda pande mbili. Wanaishi watu humo. Ninaamini hakuna kitu uwani kwako kitakachomfanya mtoto wa skuli apende sayansi kwa haraka kuliko sekunde tatu za taswira hiyo.

Tiangong, kituo cha anga cha Wachina kilichoanza kujengwa angani mwaka 2021, ni ndogo zaidi na mpito wake ni wa kasi sawa. Kwenye milimita 200 utatambua kwamba si nukta tupu. Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, ina urefu wa mita 13 tu na iko kama kilomita 500 juu, kwa hiyo itakuwa cheche kali, na ukiishika kwa ukuzaji wa mara 100 utaona imerefuka kidogo. Mzingo wake haupandi zaidi ya nyuzi 28.5 kaskazini au kusini, na sisi tumo ndani ya mkanda huo, ndiyo maana tunaipata juu na mara nyingi.

Usidharau miili ya roketi iliyoachwa huko juu. Hupinduka angani na kumetameta, mwanga ukiwaka na kufifia kwa mpigo. Hesabu sekunde baina ya mwako na mwako: huo ndio mpigo wa kupinduka kwake, umeupima wewe mwenyewe. Misafara ya Starlink, setilaiti za intaneti, ambayo kundi lake la kwanza la 60 lilirushwa Mei 2019, itazame kwa macho matupu. Kwenye darubini haina la ziada.

Setilaiti zisizotembea

Hapa ndipo visiwa vyetu vina bahati ya pekee, na ningependa ulitengee jambo hili usiku mzima.

Setilaiti za televisheni ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Huzunguka kwa kasi ile ile ya dunia kujizungusha, kwa hiyo tukizitazama hazisogei. Kwa kuwa ziko mbali sana, kivuli cha dunia hakizifikii kwa sehemu kubwa ya mwaka, nazo huonekana usiku kucha. Mkanda wao kwetu hupita kama nyuzi 6 au 7 tu kaskazini ya utosi, ambako hewa ni nyembamba na taa za mji hazifiki. DStv huja kutoka nyuzi 36 mashariki, karibu sawa na longitudo yetu ya nyuzi 39, kwa hiyo setilaiti yake iko juu ya paa lako. Azam huja kutoka nyuzi 7 mashariki, na kwetu iko kama nyuzi 52 juu ya upeo, magharibi ukisogea kidogo kaskazini. Usilenge kwa kufuata uso wa dishi: madishi madogo hupokea mawimbi kwa mshazari, na uso wake huonekana kuelekea chini kuliko setilaiti ilipo.

Anza na ile ya nyuzi 7, maana kitako cha Dobson kinafanya kazi vizuri kwenye kimo hicho. Utahitaji nyota ya kukuongoza, na bora ni Mintaka, ile ya kaskazini kabisa katika nyota tatu za mkanda wa Orioni. Ukiwa Unguja, mkanda wa setilaiti hupita kama nyuzi 1.3 kaskazini ya njia ya Mintaka. Mwishoni mwa Februari, Mintaka hufika usawa wa setilaiti ya nyuzi 7 kabla kidogo ya saa nne usiku. Elekea magharibi, weka Mintaka katikati, kisha sogeza bomba kulia, upande wa kaskazini, kwa zaidi kidogo ya uwanja mmoja wa lenzi ya milimita 25. Badilisha kwa lenzi ya milimita 12 ili anga lizidi kuwa jeusi.

Sasa ondoa mikono, usiguse kitu. Nyota zote zitaanza kuteleza kuelekea upande mmoja, kwa sababu dunia inazunguka. Subiri dakika tatu nne. Nukta ambayo haikusogea, huku nyota zote zikiipita, ndiyo setilaiti. Darubini isiyo na mota, ambayo kwa kazi nyingine huhesabiwa kuwa na upungufu, hapa ndiyo iliyokamilika. Usipoona kitu, sogeza kidogo juu au chini na usubiri tena. Nukta zenyewe ni hafifu, kwa hiyo lipe jicho nusu saa ya giza na utazame kwa pembeni ya jicho.

Ukishaipata moja, fuata mkanda. Ile ya nyuzi 36 iko kama nyuzi 8 tu kutoka utosini na itakusumbua kuelekeza, lakini jaribu: mwishoni mwa Januari Mintaka hufika juu kabisa kama saa 3 na dakika 10 usiku, na robo saa baadaye hupita kusini ya setilaiti hiyo. Mahali hapo vyombo zaidi ya kimoja hushiriki nafasi moja, na unaweza kupata nukta mbili zimesimama pamoja.

Siku kuu za setilaiti hizi ni siku chache kabla ya tarehe 20 Machi na siku chache baada ya tarehe 23 Septemba. Hapo jua huwa nyuma yetu moja kwa moja na paneli zake huturudishia mwanga, hadi nukta hafifu ikawa ya kuonekana kwa urahisi. Siku hizo hizo kivuli cha dunia huzifikia. Ile ya nyuzi 36 huzimika karibu na saa sita usiku, na hurudi baada ya kama saa moja na dakika 10. Masika ya Machi huharibu mengi, basi Septemba iweke kwenye kalenda.

Kuandika ulichokiona

Andika jina la chombo, mahali ulipo, saa, na hali ya anga. Ukitaka kupima kwa kweli, tumia saa ya kusimamisha kwenye simu: bonyeza setilaiti inapopita baina ya nyota mbili unazozijua, kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya sekunde. Sputnik ilipoanza kuzunguka tarehe 4 Oktoba 1957, vikundi vya watu wa kawaida vilivyoandaliwa na taasisi ya Smithsonian ya Marekani vilipima setilaiti kwa darubini ndogo na saa, na wanasayansi walitegemea vipimo vyao. Unguja nayo imo katika historia hiyo. Tunguu palikuwa na kituo cha NASA, shirika la anga la Marekani, cha mradi wa Mercury wa kupeleka watu angani, na mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyozungumza naye kwa redio. Kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Mwalimu wa skuli ya karibu na hapo akiwa na darubini moja, ana somo tayari.

Picha acha kwanza. Ukifika hapo, funga simu kwenye lenzi kwa kishikizo, rekodi video badala ya picha moja moja, na punguza mwanga hadi Kituo kisiwe doa jeupe.

Kuhifadhi

Chumvi na unyevu wa bahari huua darubini hapa kwa haraka kuliko matumizi. Usiifunike ikiwa na umande: iache ndani ya chumba chenye upepo, mdomo ukielekea chini kidogo, mpaka ikauke, ndipo uifunike. Lenzi za jicho ziweke kwenye kopo la plastiki linalofunga kabisa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba; vikishachoka vibadilishe, maana kuvu ikishaota kwenye lenzi haitoki. Kioo kikuu usikifute kwa kanga wala kitambaa kikavu. Vumbi kidogo halina madhara. Chumvi ikizidi, kitoe, kimwagie maji ya mvua yaliyochujwa, kisha kisuuze kwa maji yaliyosafishwa ya kuwekea betri za gari, yasiyo na tindikali, na ukisimamishe kivulini kikauke chenyewe.